Michirizi Kwenye Glasi

Jumapili, 4 Mei

Nimegombana saa tatu nzima na mtu nisiyemjua. Siku ya mapumziko!

Asubuhi niliweka picha kwenye lile kundi letu la mtandaoni la wapiga picha za vinywaji. Wiski. Nimeihangaikia wiki nzima: glasi pana, barafu mbili za plastiki zisizoyeyuka, umande wa gliserini na maji uliorashwa kwa nje, mwanga wa dirisha ukitokea nyuma. Watu wakasifu. Halafu akaingia huyu anayejiita Jicho Kali. Maneno matatu tu: hiyo ni chai.

Ni chai, ndiyo. Nani asiyetumia chai? Mama ndiye anayenichemshia, ya rangi, nzito, kisha anaichuja kwa kitambaa mara mbili mpaka ing'ae kama shaba. Lakini kukubali mbele ya watu? Nikamshushia aya nne. Akajibu kwa utulivu wa kuudhi: wiski ya kweli ukiizungusha inaacha michirizi ndani ya glasi, inashuka taratibu kama asali, chai huteleza tu. "Tuonyeshe michirizi, mama, tuyamalize."

Mama! Miaka ishirini na miwili ninaandika safu gazetini, nimewajibu mawaziri na maprofesa wakakosa pa kushika, na huyu ananituliza kama mtoto anayelilia pipi.

Nimejaribu chai mara sita. Haina michirizi. Ana haki, mshenzi yule.

Jumatatu, 5 Mei

Nimenunua chupa. Mimi, ambaye sijawahi hata kulamba pombe! Muuzaji akaifunga kwenye gazeti — letu, ukurasa wangu, sura yangu kichwa chini miguu juu.

Sheria ya nyumba hii ni moja na niliitunga mwenyewe: pombe haivuki kizingiti. Tangu mdogo wangu ahamie kwetu. Miezi kumi na moja hajagusa. Alikuja na begi moja na mikono inayotetemeka, bisibisi haitulii kwenye skrubu. Leo anatengeneza majokofu ya nusu ya mtaa, anakula sahani mbili, anamtania Mama mpaka Mama anamrushia mwiko. Meza yangu ya kupigia picha ameiunda yeye, kwa vioo vya rafu za friji bovu. Hajanidai hata asante.

Siku mbili tatu tu. Nipige, nimwage, yaishe. Nimeificha kabatini chumba cha nyuma, nyuma ya vitambaa. Nimechora alama ya kalamu kwenye lebo, pale kinywaji kilipofika. Si kwamba simwamini. Ni utaratibu tu.

Sijamwambia mtu.

Jumanne, 6 Mei

Michirizi! Ipo kweli. Nimezungusha glasi nikangoja — kwanza utando, halafu nyuzi, moja baada ya nyingine, zinashuka kana kwamba zinafikiria. Nimesahau kupumua. Nikapiga kama arobaini kabla wingu halijaziba dirisha. Mwanga haukuwa mzuri, nitarudia. Nikarudisha kinywaji chupani, nikakimimina tone kwa tone mpaka kikafika kwenye alama.

Mdogo wangu alichungulia mlangoni, kama kawaida yake kabla ya kwenda kazini. Leo hakuingia. Nikajua ni viatu, vimejaa grisi. Akasimama kidogo, akasema, "Dada, leo umeamka na glasi," akaondoka.

Mama naye jikoni hakuniacha. "Wauza pombe unawatukana gazetini, halafu kinywaji chao unakipiga picha kama bibi harusi. Mwanangu, ugomvi wako hasa ni na nani?"

Nikamwambia hii ni sanaa.

"Haya. Basi sanaa ije ioshe sufuria yake."

Mchana nilipita gazetini kupeleka safu. Mhariri kasema ni kali. Kali! Kwani nilimpelekea uji?

Jumatano, 7 Mei

Mama ameenda kwa mama mdogo, wiki nzima. Nyumba kimya. Mvua. Hakuna mwanga, hakuna picha.

Alhamisi, 8 Mei

Jua limetoka. Nimetoa chupa. Imefika kwenye alama, sawasawa. Nikamimina. Nikazungusha.

Hakuna kitu. Kinateleza kama maji.

Nikadhani ni glasi. Nimebadilisha glasi tatu, nimeziosha kwa maji ya moto, nimezikausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Hakuna michirizi. Nikaweka picha za Jumanne kando ya za leo kwenye kompyuta: rangi imepauka. Kidogo sana, jicho la kawaida haliwezi kuona. Harufu ipo, lakini hafifu, kama ya mtu aliyepita chumbani jana.

Ujanja huu naujua. Kwa marehemu baba, chupa ya wageni ilikuwa haipungui hata siku moja. Ilikuwa inapauka tu. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na saba, anakunywa, anajazia maji mpaka palepale. Baba akasifu wageni kwa kiasi chao!

Miezi kumi na moja. Nimekaa sakafuni nimeshika kifuniko.

Ijumaa, 9 Mei

Nimelisema. Naandika lote kabla sijaanza kulipamba.

Alikuwa anakunywa chai. Nikaiweka chupa mezani, mbele ya kikombe chake. Akaitazama, akasukuma kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. Nikasema moyoni: mtu asiye na hatia hasogezi kiti.

"Hii nini, dada?"

"Niambie wewe."

"Mimi nikwambie? Kaileta nani humu?"

"Usinibadilishie mada."

Nikamweleza. Alama kwenye lebo. Michirizi ya Jumanne na kutokuwepo kwake Alhamisi. Rangi. Nikamgeuzia kompyuta aone picha mbili kando kwa kando. Nikamalizia na chupa ya baba. Nilizungumza vizuri, Mungu anisamehe, nilijisikia ninavyozungumza vizuri. Hoja ilikuwa haina hata ufa wa kupitisha sindano.

Akangoja nimalize. Yeye huwa anangoja.

"Muulize Mama."

"Usijifiche kwenye kanga ya Mama. Una miaka arobaini na mitatu!"

"Nimesema muulize Mama."

"Nimpigie simu nimwambie nini? Kwamba mwanawe karudia? Unataka umuue?"

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na meno. "Umeshaandika, dada. Mimi nisome tu?"

Akainuka. Akasuuza kikombe chake, akakipangusa, akakiweka kabatini. Sijawahi kumwona akikipangusa. Akachukua sanduku la vifaa na begi lilelile alilokuja nalo. Mlangoni akasema ufunguo uko juu ya friji.

Sikumfuata. Nilikuwa na haki. Mwenye haki hakimbizi mtu barabarani.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeweka kundini picha ya Jumanne, mwanga mbaya na yote. Jicho Kali amejibu baada ya dakika tano: "Hapo sawa. Umeshinda, mama. Heshima kwako."

Nimeshinda.

Simu yake imezimwa.

Jumapili, 11 Mei

Imezimwa.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeenda karakana kwake. Kufuli. Karakana ya jirani yuko mchomeleaji wa mageti, jitu kubwa lenye miwani myeusi kipajini. Akanitazama sana. "Si wewe yule wa gazeti? Unawachapa kweli! Mke wangu anakukata na mkasi anakubandika ukutani."

Nikamuuliza kuhusu fundi friji.

"Ijumaa alikuja. Hakusalimia. Yule bwana kutosalimia! Akaingiza godoro ndani, akatoka, sijamwona tena." Kisha akashusha sauti: "Kuna neno nyumbani?"

Nikasema hakuna. Mwongo mkubwa mimi.

Nimeacha namba yangu. Wakati wa kurudi nimepita vilabu vitatu, nikachungulia milangoni kama askari kanzu. Kwenye kimoja wakaniuliza nimempoteza mume.

Jumanne, 13 Mei

Mhariri anataka safu. Nimeandika sentensi moja. Nimeifuta. Amepiga tena, nimemwambia naumwa. Akasema sauti yangu haiumwi. Nikakata.

Kama kairudia pombe, ni mimi niliyeileta chupa. Wazo hili lilikuja nikipiga mswaki na limekataa kutoka. Siku zote hizi nimekuwa nikibishana juu ya nani alikunywa. Hata mara moja sijajiuliza nani alinunua. Yeye aliniuliza. Nikamwambia asibadilishe mada!

Jumatano, 14 Mei

Mama alikuwa anarudi leo, kwa hiyo asubuhi niliamua kuimwaga ile chupa asiikute. Nikaitoa kabatini, nikaiinua dirishani. Juu ya kinywaji kuna kitu kinaelea. Utando mweupe, mwororo, wenye vidoa vya kijani. Ukungu.

Pombe haioti ukungu. Hata ukiichanganya nusu kwa nusu na maji haioti ukungu. Kinachoota ukungu siku ya nane ni chai. Nimemwaga vikombe vingapi vya chai iliyosahauliwa kwenye meza ile!

Chupa yote. Hakuna mtu aliyekunywa akajazia. Kuna mtu aliyetoa kila kitu akaweka chai, chai safi, isiyo na chembe, ya kuchujwa kwa kitambaa mara mbili.

Mama ameingia saa nane, hajavua hata viatu. Nikamwonyesha chupa. Akaikunjia uso.

"Bado unayo? Nilijua umeshaipiga picha ukatupa. Nilimwaga Jumanne ile ile, ulipokwenda gazetini. Nikasuuza, nikajaza chai yangu mpaka kwenye alama yako ya kalamu. Rangi si ilikaa?"

Ilikaa, Mama. Ilikaa vizuri mno.

"Ulijuaje iko wapi?"

"Mdogo wako si ndiye aliyeniambia? Alisimama pale mlangoni kwako ikampiga puani. Akarudi jikoni, jasho linamtoka, kakaa kwenye kigoda. Ananiambia, Mama, chumba cha nyuma kuna kitu, nakuomba ukakitoe, mimi siwezi kukishika. Nikamwambia nenda kazini, ukirudi hakitakuwepo."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nikwambie!" Akaanza kuvua kiatu, akaacha. "Wewe ukiambiwa moto unaunguza unauliza nani kasema. Ningekwambia, tungebishana mpaka magharibi kuhusu sanaa, chupa ikiwa palepale. Nikaona heri nimwage, tuishi." Kisha akatazama kigoda, akatazama mlango wa sebuleni. "Yuko wapi?"

Nikamwambia. Sikuficha neno, hata lile la kanga.

Mama hakunipigia kelele. Ningependa angepiga kelele. Alikaa na kiatu kimoja mkononi. "Kwa hiyo alifanya kile tulichomwomba akifanye," akasema. "Siku ikimshinda, aseme. Akasema." Basi. Akaingia chumbani.

Ameikataa chai yangu ya jioni.

Alhamisi, 15 Mei

Mchomeleaji kapiga simu saa nne. "Dada, ndugu yako kafungua. Yaani, hajafungua, lakini yumo."

Nimekuja mbio. Njiani nimepanga maneno. Ninajua kuomba radhi kwa maandishi, nimewahi kuamriwa na mahakama nifanye hivyo, na nilifanya kwa namna ambayo aliyeombwa radhi alijuta kushtaki. Nikayatupa yale yote. Nikabaki na mawili: nimekosa, nisamehe.

Mlango wa bati. Nikagonga. Kimya. Nikasema ni mimi. Kimya. Nikasema Mama amerudi, ameniambia. Nikasikia kitu kikiwekwa chini, nyayo, komeo.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Giza ndani, joto, mafriji yamesimama wazi kama watu walioachama midomo. Na kabla sijamtazama machoni, kabla neno langu la kwanza halijafika ulimini — nilinusa. Nilivuta pumzi. Ndefu, kwa pua, shingo nimeinyoosha mbele.

Sikukusudia! Naapa. Najua ukweli wote, nimeushika chupani kwa mkono wangu, na pua yangu bado ilikwenda mbele yangu.

Ameona. Uso wake sikuwahi hata kuuona vizuri. Amesema, "Haya, dada, umepata harufu?" Bila hasira. Mlango ukarudi. Komeo.

Nimekaa nje juu ya kreti, naandika kwa sababu mikono haijui ifanye nini kingine. Mchomeleaji ameniletea maji, amerudi kwenye geti lake, anajifanya hatazami. Ndani kuna kitu kizito kinaburutwa. Kimesimama. Kinaburutwa tena.

Mama amepiga mara mbili. Sijapokea. Atauliza yukoje. Nitamjibu nini? Nilimsikia harufu ya grisi na gesi ya friji, na jasho la mtu ambaye hajalala. Sijui kama anakula. Sijui kama analia. Muda wote alioufungua mlango ule nilikuwa na nafasi ya kujua jambo moja tu juu yake, na nililichagua hilo.

Simu inaita tena. Komeo halijasogea. Nagonga.