Kilichonitoa Getini

Jumapili usiku

Na meneja anadhani ni hotuba yake! Kanipa mkono mbele za watu, eti huo ndio moyo wa Ujamaa. Nikaitikia, ndiyo bwana, huo huo.

Kweli alihutubia. Wingu limesimama juu ya milima, singa za mkonge za wiki nzima zimeanikwa uwanjani, waanikaji wote wako kanisani. "Wazee wangu, shamba sasa ni letu sote!" Mimi nikamwambia kazi yangu geti, na geti halina shida na mvua.

Ndipo mtani wangu Masanja, dereva wa trekta, akacheka. "Mwache mzee, bwana meneja. Msagara akiona wingu anaingia chini ya kitanda. Sisi Wanyamwezi tutabeba."

Aa! Mnyamwezi abebe, mimi nimekaa? Nilizoa singa mafungu kwa mafungu, tembo wa Mikumi angenipisha njia. Masanja anabeba huku ananitukana, nami namrudishia. Tone la kwanza linadondoka, uwanja mtupu, singa zote ziko stoo.

Mgongo sasa unauma, sifichi. Jioni Masanja kaniletea mafuta ya kuchua. Kasema ni grisi ya trekta, ila trekta lenyewe halijachakaa kama mimi.

Mwezi ujao anarudi kwao Tabora, moja kwa moja. Hilo linaniuma kuliko mgongo. Meneja atabaki na hotuba zake, maskini, na mvua zitakuja tena. Sasa nani atanitukana mpaka ninyanyuke?