Mtani Aliyecheza Kifo cha Pius

KITUO CHA POLISI, KARIAKOO, DAR ES SALAAM
MAELEZO YA SHAHIDI
Jumatatu, tarehe 12 Machi 1979, saa 3:20 asubuhi

Jina: Hyasinta Theophil Komba
Umri: Miaka 36
Kabila: Mngoni
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi cherehani, barazani, Mtaa wa Mchikichi
Makazi: Mtaa wa Narung'ombe, nyumba ya Bi Zeina
Anayeandika: Sajenti Bakili

Mimi niliyetajwa hapo juu ninaeleza kwa hiari yangu. Nimesoma mpaka darasa la nane. Ninaongea taratibu ili afande aandike yote.

Marehemu Pius Theophil Komba ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mama yetu alifariki Pius akiwa na miaka mitatu na mimi kumi na tatu, nikamlea. Mtuhumiwa, Polycarp Kihwele, ni Mhehe wa Iringa na ni baharia. Alikuwa rafiki ya mdogo wangu.

Mnamo tarehe 6 Februari 1978 wote wawili waliondoka bandari ya hapa kwa meli ya Wagiriki. Pius alikuwa mtia mafuta wa injini, Polycarp alikuwa wa sitahani. Begi la mgongoni alilobeba Pius nililishona mimi kwa turubai. Mkanda wa kushoto niliufanya mrefu kuliko wa kulia, kwa sababu Pius alivunjika mtulinga akiwa mdogo na bega lake moja liko chini.

Mwezi wa tatu meli yao iliuzwa huko Fremantle, Australia. Mabaharia walilipwa, wakaambiwa wakala wa Sydney atawatafutia meli nyingine, wasubiri. Badala ya kukaa bandarini Pius na Polycarp wakaamua kuizunguka nchi. Waliomba lifti za malori na kulala katika nyumba za wasafiri.

Haya nayajua kwa kadi tano za posta alizoniandikia Pius, ambazo nimezikabidhi. Ya Kalgoorlie inasema: "Dada, nyumba hizi wanaziita hosteli. Chumba kimoja vitanda vinane, huyu Mjerumani, huyu Mjapani. Asubuhi kila mtu anaosha sahani yake na kufagia. Ni kijiji cha ujamaa kabisa, ila hakuna katibu." Ya Adelaide inasema: "Nimeulizwa mara kumi kama mimi ni mtu wa Fiji. Mtani wako Mhehe anakoroma hadi Wajapani wamehama chumba. Tunakwenda katikati ya nchi kuona jiwe jekundu, kubwa kama mlima. Nitalitazama na kwa niaba yako." Kadi hiyo ni ya tarehe 2 Julai. Ndiyo ya mwisho.

Mwezi Novemba mwaka jana Polycarp alirudi Dar es Salaam peke yake. Alikuja barazani kwangu na begi lile mgongoni, na amevaa koti la kijivu la Pius. Nilimuuliza, "Mdogo wangu yuko wapi?" Akasema, "Tuliachana Adelaide mwezi wa sita, mzima kama mbuyu. Yeye kaenda kutalii, mimi nikapata meli. Begi langu lilichanika, tukabadilishana. Koti kanipa." Nilifurahi. Nilimpa chai. Niliona begi linamkalia upande, kwa vile mabega yake yako sawa, na nikasema moyoni kwamba Pius akirudi nitamshonea jingine. Hesabu ya miezi sikuifanya siku ile. Kadi ya Adelaide ya Julai ilikuwa sandukuni kwangu.

Mnamo tarehe 26 Februari mwaka huu nilipata barua kutoka Australia, kupitia serikalini. Inasema kwamba tarehe 19 Julai 1978 mfagiaji wa hosteli moja mjini Alice Springs alimkuta kijana Mwafrika kitandani, hajitambui. Alikuwa na shati tu. Hakuwa na begi wala karatasi yoyote, na sahihi ya daftari la hosteli haikusomeka. Alifariki hospitali tarehe 21 Julai kwa nimonia, akazikwa bila jina. Miezi baadaye, walipohamisha godoro lake, walikuta kadi ya posta ambayo haikuandikwa kitu, isipokuwa jina langu na sanduku langu la posta. Huko Julai ni baridi, usiku maji yanaganda.

Tuliweka matanga uani kwa Bi Zeina. Jumapili tarehe 4 Machi, saa kumi jioni, Polycarp alikuja. Kwa kuwa utani utatajwa sana katika maelezo haya, naueleza. Sisi Wangoni na Wahehe ni watani, tangu babu zetu walipopigana. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu, kumwiga, kumcheka na kuchukua kitu chake, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Ni njia ya kutupumzisha kulia.

Polycarp aliingia na koti na begi, akitembea kwa bega moja chini kama Pius. Akanyoosha kidole gumba kuomba lifti kwa Bi Zeina. "Mista, mista, nipakie! Mimi siyo Fiji, mimi Mngoni, nimekimbia vita Songea!" Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu barua. Kisha akalala mkekani, akakunja magoti, akajifunika koti na kutetemeka. Akanyoosha mkono, akagonga ukuta kwa fundo la kidole cha kati. Mara tatu, akanyamaza, mara moja. Watu wakacheka zaidi.

Pius alipokuwa na miaka sita aliugua kifua wiki tatu, sauti ikamkatika kabisa. Mimi nililala chumba cha pili, tukitenganishwa na ukuta wa udongo. Nilimfundisha agonge mara tatu, apumzike, agonge mara moja, nami nitajua anataka maji. Baba yetu hakujua. Pius alikuwa na haya, hakumwambia mtu. Mtu haigi asichokiona. Polycarp, aliyesema aliachana naye Adelaide akiwa mzima, alimwona mdogo wangu akiwa hana sauti.

Niliinuka nikaenda jikoni. Nilirudi na chai na nikamhudumia yeye kwanza. Alisema, "Ahsante, mtani. Huku Wangoni mmeanza kustaarabika."

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Mzee Abbasi, mjumbe wetu wa nyumba kumi. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Lakini nitaandika nini? Kwamba mtu kagonga ukuta?" Nikamwambia, "Usiandike kitu, mzee. Jumamosi tunaondoa tanga. Njoo ukae karibu na mlango."

Siku tano hizo sikushona. Nilipika komoni, pombe ya kwetu, kwa unga wa mgawo niliopangia foleni. Niliichuja mara mbili iwe laini. Sijawahi kumpikia mtu kwa uangalifu kama ule.

Jumamosi tarehe 10 Machi, saa tisa alasiri, Polycarp alifika akiwa amevaa vilevile. Nilimjazia kata mwenyewe, mara nne. Kisha nikasema mbele ya watu, "Mtani, Jumapili ulimkatisha marehemu. Leo mcheze mpaka mwisho."

Akasema, "Wangoni hamshibi! Vita mlishindwa, sasa mnataka na kilio mpewe mara mbili?"

Nikasema, "Cheza, Mhehe. Au pombe yenu ya ulanzi imekumaliza miguu?"

Watu wakapiga makofi. Akacheza. Safari hii kila alipofika mahali nilimuuliza, kwa kucheka, "Halafu?" Naye akaongeza. Akasema, "Vitanda vinane, watu wawili! Wazungu wote wamepanda basi kwenda kutazama jiwe, siku mbili. Mngoni naye alitaka jiwe, jiwe limemwangukia kifuani!" Nikasema, "Halafu?" Akasema, "Halafu barua ya wakala inakuja. Nafasi moja, mtu wa injini. Mngoni anaipapasa barua, hawezi hata kuikunja." Nikasema, "Wewe ukamwambia nini, mtani?" Akasema, "Nikamwambia, Mngoni, meli ni ya wenye miguu. Lete kitabu."

Hapo waliocheka walikuwa wachache. Bi Zeina akasema, "We Polycarp, si ulisema mliachana Adelaide?" Akajibu, "Bi Zeina, huu utani, usiupigie hesabu."

Nikasimama. Nikasema, "Mtani kacheza vizuri. Sasa na mimi ni mtani, nachukua changu." Nikashika begi. Kwa desturi hawezi kukataa mbele ya watu, na hakukataa. Alilegeza mikanda mwenyewe huku akicheka na kusema, "Chukua, chukua, Wangoni na kupora ni damu."

Nilipolishona begi lile niliweka mfuko kati ya turubai na bitana, mdomo wake uko chini ya mkanda mrefu. Alipoona mkono wangu unakwenda huko, aliacha kucheka. Nilitoa kitabu cha ubaharia cha Pius, chenye picha yake, na barua ya wakala yenye jina la Pius. Mzee Abbasi alikisoma kitabu kwa sauti. Mhuri wa mwisho ni wa kupanda meli Sydney, tarehe 11 Agosti 1978. Mzee Abbasi akauliza, "Marehemu alipandaje meli wiki tatu baada ya kufa?"

Polycarp akasema, "Ni utani, mzee." Akatazama mlango, Mzee Abbasi alikuwa amekaa hapo. Ndipo akanigeukia akasema, "Alikuwa anakufa tu, Hyasinta. Nafasi ilikuwa moja. Vibali vyetu vilikuwa vinakwisha. Ningebaki, ingekuwa nini?"

Nilimuuliza maswali mawili tu. La kwanza, "Koti je?" Akasema, "Nje kulikuwa na baridi." La pili, "Ulipofunga mlango, alikuwa bado anagonga?" Akasema, "Alikuwa anagonga."

Maneno hayo waliyasikia Mzee Abbasi, Bi Zeina na watu wengine kama kumi na watano, ambao majina yao Mzee Abbasi ameyaandika.

Vijana wa ukoo wetu walitaka kumpiga. Nilisimama mbele yake nikawazuia. Watu wanasema nilimhurumia. Naomba iandikwe kwamba si huruma. Mtu aliyevimba uso huonewa huruma na hakimu, nami nilitaka afike mahakamani na uso wake wote.

Tulimleta hapa kituoni saa kumi na moja jioni. Konstebo wa kaunta alisikiliza mwanzo, akatabasamu, akasema, "Mama, watani hawashtakiani. Nendeni mkayamalize nyumbani, mtapeana jogoo." Mzee Abbasi alipoweka kitabu kaunta, ndipo akaandika.

Jana Jumapili, baada ya misa, jogoo alikuja kweli. Shangazi yake Polycarp alimleta, pamoja na doti ya khanga, akasema, "Mtani, tumekosa, tufunike." Nilimpokea kwa adabu, nikampa maji, nikamrudishia jogoo na khanga. Nilimwambia kwamba mtani huchukua kitu cha marehemu, tena mbele ya waliao. Hachukui cha mtu aliye hai anayeomba maji. Hapo hakuna utani, kuna wizi na kuna kifo, na vyote viwili vina sheria.

Ninaomba Jeshi la Polisi liandike Alice Springs, hosteli ile itoe daftari la wageni, kwa sababu Pius aliniandikia kwamba kila anayelala hutia sahihi. Ninaomba pia liandike kwa wakala wa Sydney, iletwe orodha ya mabaharia yenye jina la mdogo wangu kwa mwandiko wa mtu mwingine. Mwandiko wa Pius uko kwenye kadi tano. Afande ameniambia barua kama hizo zinaweza kuchukua mwaka, na kwamba mambo yaliyotendeka nje ya nchi ni magumu kushtaki. Nimemwambia nitakuja kila Jumatatu kuulizia. Barazani kwangu mpaka hapa ni dakika tisa kwa miguu.

Afande ameniuliza kama nina la kuongeza. Ninalo. Polycarp ana miaka ishirini na tisa na mimi thelathini na sita, lakini namwomba Mungu anijalie niishi kumpita yeye. Siku yake ikifika, awe gerezani au kitandani kwake, nitapanda basi kwenda kwao Iringa. Ni haki yangu ya utani, hakuna atakayenizuia mlangoni. Nitalala mkekani mbele ya mama yake na nitamwonyesha mwanawe alivyokufa. Kama sikukiona kifo chake, nitawauliza waliokiona, mmoja mmoja, mpaka nikijue sawasawa. Sitapunguza kitu.

Niliyoyasema ndiyo haya. Nimesomewa, nimeyakubali, natia sahihi.

(Sahihi) Hyasinta T. Komba

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa Kiswahili naye ameyathibitisha. Vielelezo vilivyopokelewa: kadi tano za posta, barua mbili, kitabu kimoja cha ubaharia, koti moja, begi moja la turubai. Mtuhumiwa yuko mahabusu. Ombi la kuandika Australia nimelipeleka leo kwa Mkuu wa Kituo. Nimemshauri shahidi afute aya inayohusu Iringa kwa kuwa si ushahidi na inaweza kutumiwa na upande wa utetezi. Nimemshauri mara mbili. Amekataa, akaomba niiandike kwa mwandiko unaosomeka zaidi. Nimeiandika upya.

(Sahihi) Sajenti Bakili
Saa 5:45 asubuhi