Kovu la Kidole cha Mama Yako

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Hapa Nduguti hatujambo. Babu yako anavuna alizeti na goti lake limetulia.

Umeuliza nilikuwa nawakataje watoto kucha, maana wako hatulii. Mnyonyeshe, akilala mchana ndipo umkate, kwenye mwanga. Mimi nililijua hilo nimeshaharibu.

Mama yako alipokuwa mchanga, mama mkwe wangu alimpunguza kucha kwa meno, taratibu, kama wazee wote wa huku. Mimi niliona ni uchafu. Siku moja nikachukua wembe, mtoto yuko macho anarusha mikono. Akajivuta, wembe ukapita kwenye ncha ya kidole.

Babu yako akaja mbio kutoka zizini. "Nani kamkata mtoto?"

"Bibi yake," nikasema.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameona kila kitu. Alinitazama kidogo, kisha akamwambia mwanawe, "Nisamehe, baba. Macho yangu yamechoka."

Tangu siku hiyo hakumkata tena kucha, na hakuna aliyemwomba. Alifariki sijamwomba radhi. Mpaka leo mama yako akilitazama lile kovu hucheka na kusema, "Hili aliniachia bibi." Nami huinuka nikachochee moto.

Sasa mama yako yuko huko kwako anakusaidia kulea. Msomee barua hii, mjukuu wangu. Mimi mdomo umekataa.

Bibi yako