Kituo, Kituo, Hapa Nne

Jumatatu, 9 Februari

Msimu umefunguliwa. Wameanza kumiminika wageni wa kuvua kwa mchezo, wale wanaolipa ili wateseke. Tangu asubuhi nimekaa kwenye kibanda cha redio mwisho wa gati, na kila anayepita ananiuliza choo kiko wapi. Salamu? Hakuna. Choo kiko pale pale kilipokuwa msimu uliopita, na kinanuka vile vile.

Meneja ametugawia fulana mpya. Kifuani kuna nduaro, pua ndefu kama sindano, anatabasamu. Nikamuuliza, samaki gani anatabasamu na ndoano mdomoni? Akasema ndiyo sura ya biashara, mama. Haya. Nimeivaa nje ndani hadi aliponiona.

Mume wangu kapewa tena boti ya Nne, ile kubwa, ya wateja wazito. Amerudi nyumbani kifua mbele. Kisha kakaa na kioo, kapaka piko masharubu. Nikamwambia, Baba Mapacha, samaki hawaangalii masharubu. Akasema wateja wanaangalia. Na miwani mipya ya jua kanunua, mikubwa, anakaa nayo mpaka sebuleni. Nahodha! Ukimwona utadhani bahari kairithi kwa babu yake.

Jumanne, 10 Februari

Daktari wa meno karudi. Huyu kila msimu anakuja kumtafuta nduaro wake, kila msimu anaondoka na pua iliyobabuka. Safari hii kaja na mto wake wa kukalia. Hapandi boti nyingine ila Nne. "Nahodha wangu," anamwita mume wangu, kama mtu anavyosema koti langu. Na mume wangu anacheka! Nyumbani ukimtania neno dogo tu, ananuna mpaka kesho yake.

Mke wa daktari kaniuliza zile bendera za nini. Nikamweleza: boti ikirudi na bendera ya buluu, wamepata nduaro. Nyekundu, sulisuli. Kijani, fulusi. Gati zima linajua kabla boti haijafunga kamba, na Meneja anajua kama amwite mpiga picha au asijisumbue. Akaniuliza tena. Nikamweleza tena. Mara ya tatu akasema, "Kwa hiyo buluu ni bahari?" Ndiyo mama. Buluu ni bahari.

Alhamisi, 12 Februari

Sulisuli mmoja, boti ya Pili. Mteja kambusu samaki. Mdomoni! Kisha wakamrudisha majini, wakampungia mkono. Kama ulitaka kumwachia si ungemwacha tangu mwanzo, anajilia zake?

Baharini wengine wametapika tu. Nimeosha mzani ambao haukupima kitu.

Jumamosi, 14 Februari

Leo! Leo nimetamani ardhi inimeze, na mimi si mtu wa kutamani hivyo.

Alasiri Nne inaingia. Mlingotini — buluu! Nduaro wa kwanza wa msimu. Meneja akatoka mbio huku anajifunga vifungo. Mpiga picha kaitwa. Vinywaji vimeletwa kwenye sinia. Watu wamejipanga gati zima, wanapiga makofi, na mke wa daktari anapiga kelele, "Bahari! Bahari!" Mimi nimeshusha ndoano ya mzani, nimesimama tayari.

Boti ikafunga kamba. Mume wangu yuko kwenye usukani, kidevu juu, anapokea makofi. Mlango wa sanduku la barafu ukafunguliwa.

Fulusi. Mmoja. Wa kutosha kitoweo cha watu wawili wasio na njaa.

Kicheko, we! Manahodha wa boti nyingine walikuwa wanashikana mabega wasianguke. Daktari wa meno kawa mwekundu kupita pua yake. Akamwambia Meneja kwamba amefanywa kikaragosi mbele ya watu. Na mume wangu? Alitazama juu mlingotini muda mrefu. Kisha akamgeukia mdogo wake, shemeji yangu, msaidizi wake botini, akamfokea mbele ya kadamnasi: "Nilikwambia kijani! Huna macho?"

Shemeji akainamisha kichwa. "Samahani, kaka."

Shemeji huyo huyo nilimwona kwa darubini wakati wanakaribia. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya boti anasafisha samaki. Bendera aliipandisha mume wangu kwa mkono wake.

Jumapili, 15 Februari

Nimefua bendera zote uani. Nikamwita: Baba Mapacha, hebu nipitishie hiyo ya kijani niianike. Akanipitishia ya buluu, huku anaendelea kusimulia habari za mpira. Nikasema, na nyekundu? Akapapasa papasa, akanipa fulana yangu ya kazi, yenye nduaro anayetabasamu.

Nikaanza kukumbuka. Chai anayomimina kando ya kikombe. Miwani ndani ya nyumba. Anavyolalamika kwamba jua la mwaka huu lina ukungu. Nikamvua miwani kwa nguvu, nikamshika kidevu, nikamgeuza kwenye mwanga. Kwenye mboni kuna kitu cheupe. Macho yote mawili.

Mtoto wa jicho. Mama mkwe alikuwa nao, Mungu amrehemu, mpaka akawa anaamkia mbuzi wa jirani.

Nikamwambia hospitali wanautoa, watu wanatolewa kila siku, wanarudi wanasoma gazeti. Akasema msimu ukiisha. Nikasema na watu unaowabeba je? Akasema, "Ukifungua mdomo, umeniua. Meneja atampa mwingine Nne, na mimi nitakaa hapa niwe wa kushikwa mkono kwenda chooni."

Wanaume! Angeng'oka jino angewaonyesha majirani wote. Macho yanakufa, anayafunika kwa miwani ya mapambo. Na mdogo wake kamtupia lawama bila haya. Nimemwambia waziwazi: mficha maradhi kifo humuumbua. Akaniambia chai imepoa.

Jumatano, 18 Februari

Nimembana shemeji nyuma ya duka la chambo. Kwanza alijitia hamnazo. Kisha akasema yote kwa pupa, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

Tangu msimu uliopita yeye ndiye macho. Wakirudi jioni, jua linawapiga usoni, na ule mlango kwenye mwamba ni mwembamba, povu kulia, povu kushoto. Anasimama nyuma ya kaka yake, anajifanya anakunja kamba, anamgusa kwa kidole mgongoni. Bega la kulia, kulia. Bega la kushoto, kushoto. Wateja hawaoni kitu, wanatazama picha zao.

"Kwa nini hukusema?"

"Shemeji, ni kaka yangu. Ndiye aliyenilea."

Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka pia kulia, lakini mpishi alikuwa anapita.

Jioni — habari. Meneja kamwachisha kazi shemeji! Kwa ajili ya bendera. Daktari wa meno amesema hapandi tena boti moja na mpuuzi yule. Na mume wangu alikuwa amesimama pale pale ofisini. Akasema, "Sawa, Meneja." Basi. Neno la kumtetea halikumtoka. Kumtetea maana yake ni kusema nani aliipandisha bendera, na kwa nini.

Badala ya shemeji wamempa msafisha bwawa la kuogelea. Msafisha bwawa! Bahari anaijua ile yenye ngazi na vigae.

Ijumaa, 20 Februari

Kesho ni mashindano. Nimemwomba. Mimi, kuomba! Nimesema jifanye una homa, jifanye una tumbo, nitakusaidia kuugua. Akasema mlango ule anaujua kwa harufu. Kwa harufu! Mbwa yeye? Sikio la kufa halisikii dawa, na lake limeshazibwa kwa sifa za daktari wa meno.

Nikaenda mpaka mlango wa Meneja. Ulikuwa wazi. Alikuwa anapanga vikombe vya washindi, anavipangusa kimoja kimoja kwa ncha ya tai. Akasema, "Ndiyo, mama?" Nami nikamwona akilini mume wangu amekaa kwenye kiti cha uani, mchana kutwa, masharubu yameota mvi, anauliza nani huyo anapita.

Nikasema betri za redio zimekwisha. Akanipa betri.

Ninawadharau wote hawa, tangu mwenye mto wa kukalia hadi anayepangusa vikombe kwa tai. Leo na mimi nimo kwenye orodha. Mdomo huu hauna mtu usiyemuuma, na siku ya kutakiwa kusema ukaomba betri.

Jumamosi, 21 Februari

Asubuhi. Wameondoka. Msafisha bwawa kavaa jaketi la kujiokolea tangu nyumbani. Mume wangu hakunitazama, au alinitazama, nitajuaje na miwani ile?

Mchana. Nne wamenasa nduaro. Wa kweli safari hii. Daktari wa meno amejifunga kwenye kile kiti kama cha kinyozi na sasa anapigana, ndivyo wanavyosema, anapigana. Injini inarudi nyuma kumfuata samaki, mtu kakaa kwenye mto anazungusha mkono, na hiyo ndiyo vita.

Alasiri. Bado anapigana. Boti nyingine zote zimeingia. Jua linashuka. Ee Mungu, ukate huo mshipi wake.

Jioni.

Mume wangu aliita: "Kituo, Kituo, hapa Nne. Nduaro. Mkubwa kuliko wote. Tunarudi." Redio zote za gati zikasikia. Makofi. Meneja akaja kusimama kibandani kwangu na mpiga picha wake, hata pa kugeukia hapakuwapo.

Nikachukua darubini. Nne inakuja na bendera yake ya buluu, jua lote usoni. Msafisha bwawa yuko nyuma na daktari, wanapiga picha na samaki. Pale mbele mume wangu peke yake. Na anakwenda kushoto. Kushoto zaidi. Povu la mwamba naliona linapasuka mbele yake, jeupe, na boti haipunguzi mwendo hata kidogo.

Nikabonyeza. "Nne, hapa Kituo. Kulia."

Meneja akasema, "Unafanya nini, mama?"

"Kulia, Baba Mapacha. Zaidi. Zaidi nimesema! Hapo. Nyoosha. Punguza moto. Kushoto kidogo. Kidogo, si hivyo! Nyoosha. Njoo. Njoo hivyo hivyo."

Hakujibu hata mara moja. Lakini boti ilikuwa inajibu. Kila nililosema, pua yake ilifuata, mpaka ikapita katikati ya povu na kuingia maji tulivu. Gatini manahodha wengine walikuwa wamesimama na redio zao mikononi, na hakuna aliyecheka. Meneja si mjinga. Alinitazama, akamtazama mume wangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba anamtaka ofisini akishafunga kamba.

Samaki kapimwa. Mkubwa kweli. Daktari wa meno kambusu. Akatoa hotuba kwamba ilikuwa yeye na mnyama huyu tu, peke yao, wanaume wawili baharini. Nduaro alikuwa jike. Nimeliona tumbo lake na sikumwambia. Wamekwenda baa wote, mto wa kukalia umebaki kwenye gati.

Sasa kumeanza kuwa kiza. Nne imefungwa upande wa mzani, si mahali pake pa kila siku, kwa ajili ya kumshusha samaki. Mume wangu bado yuko ndani. Hajaondoka kwenye usukani. Msafisha bwawa aliruka zamani, kakimbia kusimulia. Meneja kanipigia simu mara mbili kuuliza nahodha yuko wapi. Nimesema anakuja.

Amenuna. Anune! Nimeokoa shingo yake na ya mwenye meno, na shukrani yake ni kukaa gizani kama bibi harusi aliyekatazwa kutoka. Simfuati. Nimemfuata vya kutosha. Akitaka kuonana na Meneja aende, akitaka kulala humo alale. Nafunga kibanda, naenda kwa shemeji kumwomba radhi kwa niaba ya watu wazima wa nyumba hii.

Redio.

"Kituo, hapa Nne."

Natafuta ufunguo wa kibanda.

"Kituo." Kidole bado kiko kwenye kitufe, nasikia pumzi zake. "Mama Mapacha. Ngazi iko upande gani?"

Redio zote zimewashwa, pale baa nasikia sauti yake ikitoka tena baada ya kutoka hapa, na mazungumzo yao yamekatika. Namwona kupitia dirisha. Amevua miwani. Amesimama katikati ya boti, mikono mbele, hagusi kitu.

Nikijibu watasikia wote. Nikishuka wataona wote.

Anaita tena. Viatu vyangu viko wapi, jamani.