Nyayo za Shujaa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mafua yamekuachia, na koo hilo linalotulisha sote li salama. Mimi ni mzima wa mwili, mengine utayasoma.

Uliponitafutia kibarua cha likizo katika filamu ya kasa ambayo wewe ndiwe msimulizi wake, uliniasa nifunge mdomo, kwani kule si mkutano wa wanafunzi. Nilikutii. Kazi niliyopewa ilikuwa ya reki.

Alfajiri vifaranga wa kasa walichomoza mchangani. Viumbe hawa, Baba, huzaliwa na nguvu za safari moja tu, kutoka shimoni hadi majini. Mwongozaji akawazuia ndooni, akamchagua mmoja, akamwita Shujaa. Shujaa akatambaa. Wingu likapita, mwongozaji akaamuru arudishwe. Akatambaa tena, mpiga picha akalalamika kuwa kivuli chake mwenyewe kimeingia. Kila aliporudishwa, nilipita na reki kufuta nyayo zake, ili mtazamaji aamini kuwa ndiyo mara ya kwanza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kuona reki.

Uvumilivu ukanishinda. Nikauliza ni haki gani hii, aliyezaliwa leo kutumikishwa hadi kufa ili watu wazima wasifiwe kwa kupenda viumbe. Mwongozaji akacheka, akaniita mwanaharakati, akaniambia kuwa kasa hawana chama; tena hii ni filamu ya familia, na mbele ya watoto hafi mtu. Kweli, Shujaa hakufa mbele ya watoto. Alifia kiganjani mwangu, mawimbi yakisikika. Wakatoa mwingine ndooni, naye wakamwita Shujaa, wakapata picha yao.

Nasikia Jumatatu utarekodi sentensi ya mwisho, ile isemayo kuwa Shujaa alifika nyumbani. Usiisome, Baba. Najua watatafuta msomaji mwingine, na filamu itaonyeshwa, na watu watapiga makofi. Hata hivyo, asiwe wewe.

Utaniuliza nakuagiza kwa mamlaka gani. Sina. Juzi kitindamimba wetu, aliyekusikia ukifanya mazoezi sebuleni, alinipigia simu akitaka kujua kama Shujaa amefika kweli. Mimi niliyepanda juu ya meza ya bwalo, nikadai ukweli mbele ya mkuu wa chuo, nilimwambia amefika. Nilisema polepole, kwa upole, nikiiga mwendo ule ule wa sauti yako ya redioni. Alifurahi mno. Sentensi yako, Baba, imekwisha kusomwa, na aliyeisoma ni mimi.

Basi abaki walau mmoja wetu ambaye mtoto yule atamwendea siku atakapoutaka ukweli.

Mfikishie Mama salamu, na umwambie viganja vyangu vimeota sugu. Atacheka, maana hakuwahi kuniona nikishika hata ufagio. Kitindamimba mbusu kwa niaba yangu, wala usimwambie lolote kabla hujaamua.

Mwanao uliyemwita Kipaza,
leo sina sauti.