Mama, Baba Alimuuguza Kuku Wako

Mama,

Kuku wako amekufa. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezungukazunguka na habari mbaya. Amekufa Alhamisi asubuhi, kando ya jiko, juu ya gunia alilotandikiwa na Baba. Ni yule wa kahawia, uliyemnunua soko la Rwekubo akiwa bado mdogo, miguu mirefu, ukamleta nyumbani umemfunga ndani ya kitenge. Wale wengine wanne ni wazima.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna jambo nimelifanya, na ni lazima ulisikie kwangu.

Unajua Baba alivyokuwa na kuku. Kwake mnyama ni ng'ombe, na tangu tukimbie kwetu tukaacha ng'ombe zetu kule milimani hakuna mnyama mwingine aliyemhesabu kuwa mnyama. Yai hakuliweka mdomoni, hata ulipomkaangia na kitunguu. Uliponunua kuku wa kwanza, Baba alikaa siku mbili bila kukusemesha, kwa aibu kwamba watu wa kanisa watapita waone mifugo ya nyumba yake imekuwa kuku. Wewe ukacheka, ukaendelea kuwatupia mahindi.

Sasa sikia. Wiki ya tatu baada ya kukuzika, yeye ndiye aliyeona. Nilikuwa nafua nyuma ya nyumba akaja akasimama juu yangu.

"Kuku ya mama yako haiko sawa," akasema. "Inasimama kama mutu."

Nikaenda kutazama. Kweli alikuwa amesimama wima, mkia chini, kifua juu, miguu imeachana kama mama aliyefikisha miezi tisa. Hatukuelewa. Alikuwa bado anakula. Kila asubuhi aliingia fasi yake ya kutagia, akakaa, akajikamua mpaka macho yanafumba, akatoka bila kitu. Mara moja tu alitoa yai lisilo na ganda, kama kifuko cha maji, likapasuka chini. Maji alikunywa mengi kuliko wenzake wote. Kilemba chake kikaanza kupoteza wekundu, kikawa rangi ya nyama iliyolala.

Jirani yako Mama Godeliva alikuja akamtazama kutoka mbali, mikono nyuma, kwa sababu naye ana kuku zake. Akasema ni ule ugonjwa unaofagia banda zima, tumchinje leo leo kabla nyama haijaharibika. Lakini wenzake walikuwa wanakimbia vizuri. Mzee wa kanisa akasema ni minyoo. Baba akaenda kuchuma majani machungu, yale aliyokuwa akiwapa ndama, akayachemsha, akampanua mdomo kwa kidole na kumnywesha kidogo kidogo. Siku tano. Hakuna kilichobadilika isipokuwa tumbo, ambalo lilizidi kushuka, na ukiligusa lina joto.

Na hapo ndipo nilipoanza kuchukia, Mama. Nisikufiche.

Kila asubuhi Baba alikuwa anachuchumaa mbele ya yule kuku kabla hajanawa uso. Anamgusa tumbo. Anageuza mavi yake kwa kijiti, anayatazama. Anamchagulia mahindi yaliyovunjika ili asipate shida kumeza. Akampa jina, akamwita Bihogo. Jina la ng'ombe! La ng'ombe wake mwenyewe wa kahawia, ambaye alikuwa anakusimulia habari zake kila mvua ikinyesha. Wewe miaka yote alikuita "mama ya batoto."

Nilikuwa nawatazama wale wawili na moyo wangu unaungua. Nikakumbuka miezi ile ulipokuwa unajifunga kitenge kiunoni mara mbili ili uweze kusimama jikoni, na yeye anauliza kutoka uani kwa nini chakula kimechelewa. Nikakumbuka ulivyokonda mpaka pete ikahamia kidole gumba, na hakuona. Mtu aliyelala kitanda kimoja na wewe hakuona, na leo anaona kuku amepoteza rangi ya kilemba?

Siku moja nikanoa kisu. Nikamwambia leo tunakula nyama. Alikuwa ameketi, akainuka, akasimama kati yangu na kuku.

"Ukimugusa, utoke hapa kwangu."

Kwangu. Na mimi ndiye niliyekuosha.

Nikarudisha kisu. Tuliishi siku kadhaa hivyo, naweka sahani yake, naondoka. Halafu akaja kuniomba. Hakuomba hasa, alisema tu kwamba kesho anaenda Mbarara, kwamba kuna duka la dawa za mifugo lenye mganga wa kweli, na kwamba yeye hajui kusoma maandishi ya dawa. Nikaenda. Nilijiambia naenda kuona mwisho wake.

Alimbeba kuku kwenye kikapu, amekishika mapajani njia yote. Tulipopita Masha, ambako watu wanachunga ng'ombe kando ya barabara, hakuinua hata macho. Mimi nilijua yuko na huzuni kweli kwa hilo, maana hajawahi kupita ng'ombe bila kumtazama.

Mganga alikuwa mwanamke, mnene, mwenye koti jeupe na sauti ya upole. Akamweka kuku mezani, akamshika tumbo, akauliza:

"Mzee, hii kuku ilianza kugonjwa lini?"

Baba akamwambia siku. Akamwambia na saa.

"Yai ya mwisho ilitoka lini? Ilikuwa na ganda?"

Akajibu.

"Mavi yake iko rangi gani? Maji inakunywa mara ngapi? Inalala juu ama chini?"

Akajibu yote. Nyeupe kama chokaa, tena ya maji, tangu wiki iliyopita. Hapandi tena juu, analala chini, upande wa kulia. Alizungumza kama mwanafunzi aliyekariri somo. Na mimi nimesimama pembeni na chozi linanichoma, la hasira tupu, kwa sababu nilikuwa Mbarara na mtu huyu huyu miezi michache tu iliyopita, mbele ya daktari wa watu, na wewe umelala kwenye benchi. Daktari alimuuliza: Baba, mama ameanza kuumwa lini? Anakula nini? Amekonda tangu lini? Unakumbuka alichojibu, ulisikia. "Mimi sijui. Uulize mutoto."

Yule mganga akachukua sindano, akaichoma chini ya tumbo, akavuta. Yakatoka maji ya njano, mazito kama mafuta ya kupikia, bomba baada ya bomba. Kuku akashusha pumzi, akatulia. Mganga akatueleza kwamba mayai hayatoki kwa njia yake, yanaangukia ndani ya tumbo na kuozea huko. Akasema atatupa dawa ya kumchoma siku tano, lakini asitudanganye, wengi hawaponi, na hata akipona hatataga tena.

"Sikukuja juu ya mayai," Baba akasema. "Mimi sikulake mayai."

Mganga akacheka kidogo, bila ubaya. Akasema, "Hata usijilaumu, mzee. Kuku inaficha ugonjwa. Ukiona imeshindwa kutembea, jua ni zamani sana."

Baba akachukua kikapu. Tulitoka, tukangoja gari kwenye kivuli cha ukuta, kikapu katikati yetu. Nilijua anafikiri nini na nilitaka asinigeukie. Akanigeukia.

"Mama yako naye alificha?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua?"

Mama, ningeweza kusema uongo. Ulinifundisha vizuri.

"Nilijua," nikamwambia.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipopanda mahindi."

Akahesabu. Niliona midomo yake ikihesabu. Ilikuwa karibu mwaka mzima.

"Basi mulinifanya mugeni mu nyumba yangu," akasema. "Halafu mbele ya munganga unanitazama kama mubaya. Niliona vile ulinitazama siku ile. Mupaka leo unanitazama hivyo."

Gari likaja, akapanda na kikapu chake. Hasira yangu yote niliyokuwa nimeibeba kama mtoto mgongoni, aliichukua akaiweka chini mbele yangu kwa maneno mawili matatu, na nikabaki sijui mikono niiweke wapi.

Tulimchoma kuku sindano. Mimi nashika mabawa, yeye anachoma, kwa mkono ule ule uliochoma ng'ombe mia. Siku ya pili kuku alikula vizuri, tukatazamana karibu tucheke. Siku ya tatu tumbo lilijaa tena. Siku ya nne asubuhi ndiyo hiyo niliyokuambia. Baba alimchimbia shimo nyuma ya choo, refu kupita haja, na Mama Godeliva akauliza kutoka upande wa pili wa ua ni nani amezikwa, kisha akajiziba mdomo.

Baba alinawa mikono. Akatoa viti viwili nje, akaviweka kwenye kivuli cha nyumba, akakaa.

"Kuja," akasema. "Sasa uniambie. Tangu mwanzo. Usiache kitu."

Nimemwambia, Mama. Hili ndilo jambo lenyewe. Uliniapisha juu ya Biblia yako kwamba sitasema, na nimesema. Nimemwambia juu ya damu iliyokuwa ikikutoka. Nimemwambia juu ya vitambaa tulivyokuwa tunachoma jikoni yeye akiwa kwenye maombi. Nimemwambia kwamba zile safari za sokoni hazikuwa za soko, tulikuwa tunaenda kliniki, na kwamba pale walituambia mapema, tena kwa kusisitiza, twende Mbarara, na wewe ukasema acha kwanza tuvune maharage. Nimemwambia kwamba tulivuna maharage.

Alikuwa anauliza. Aliuliza kama yule mganga. Alikuwa analala upande gani? Ilimuuma zaidi asubuhi ama jioni? Nikasema asubuhi. Alikuwa analia? Nikasema ndiyo. Wakati gani? Nikasema ukitoka, Baba. Ukishafika barabarani.

Akafunika uso kwa mikono. Kuku wale wanne walikuwa wanaparua kati ya miguu yake na hakuwafukuza.

Kisha akasema, "Ningemubeba, mutoto. Ku mugongo, mupaka Mbarara."

Sijui kama ni kweli. Nasema hivyo na wewe unajua kwa nini. Huenda angesema hayo ni mambo ya wanawake, achemshiwe majani. Huenda angesema tumuombee kwanza. Wewe uliishi naye miaka mingi kunishinda, labda ulikuwa na sababu. Lakini hatutajua, Mama. Hatukumpa hata nafasi ya kukataa. Ulichagua peke yako, ukaniingiza mimi, nikabeba siri yako kama ndoo iliyojaa, natembea nayo taratibu isimwagike, na wewe unakufa. Nilikuwa nadhani nakutii. Kumbe nilikuwa nakusaidia kufa.

Nimekukasirikia. Nimekaa na neno hili siku tatu nikiogopa kuliandika kwa mtu aliye kaburini. Nimekukasirikia kuliko nilivyomkasirikia yeye, na sina fasi ya kuupeleka uchungu huu, maana yeye anaweza kunijibu na wewe huwezi.

Usidhani hapa nyumbani sasa kumepoa. Jana nimemjibu vibaya juu ya chumvi. Yeye bado anasema "wanawake wa nyumba hii" kana kwamba uko jikoni na mimi. Lakini leo asubuhi aliniuliza nimelalaje, na akangoja jibu. Nilisema vizuri. Akasema, "Kweli?" Ndipo nikamwambia kichwa kinaniuma tangu juzi.

Nakuaga, Mama. Sitakuja kaburini mwezi huu. Nikija nitakuwa nimenyamaza kidogo, usinihukumu. Na nakuahidi kitu kimoja, ingawa sicho ambacho ungeniomba: mimi nikiumwa, nitasema. Nitasema siku hiyo hiyo, kwa sauti, na atakayechoka kusikia achoke.

Binti yako,
Neema