Jino Nililoliziba kwa Nta

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika hapa Ipuli, marahaba. Babu yako hajambo, jana alirudi kutoka kurina asali.

Unauliza kwa nini daktari akwangue jino kabla ya kuliziba. Nilipokuwa msichana, jino langu lilitoboka, nikaliziba mwenyewe kwa nta ya mizinga ya baba, kama tulivyoziba nyufa za mitungi. Shavu likavimba. Daktari akaitoa nta, akakwangua mpaka shimo likazidi ukubwa. Nikamfokea.

"Binti, nikiziba juu ya uozo, huo uozo utaendelea kulila jino ndani kwa ndani," akasema, akaendelea taratibu.

Niliondoka nimenuna, hata asante sikusema. Leo nimetafuna karanga kwa jino lilelile.

Wewe mshukuru daktari wako kabla hujashuka kitini. Mimi wangu namshukuru kila nikitafuna, na hanisikii.

Bibi yako,
Mwajuma